Simu Haitalala Tena na Chelangat

Mpendwa Baba Chelangat,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Tangu tugombane nimekuwa nikianza barua hii na kuiacha. Mara mtoto analia, mara majani ya chai yananingoja shambani, mara hasira inanishika na naona nitaandika maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Sasa Wesley, mwenzako wa chumba huko kambini, amemaliza likizo na anarudi Qatar wiki hii. Alipita hapa Kiptere kuniuliza kama nina mzigo wako. Nikamwambia ninao, ni karatasi tu, lakini asiikalie.

Nimechagua kalamu kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Wewe unasema, mimi nasema, mtandao unakatika, na kila mmoja anabaki na lile neno baya la mwisho.

Lako lilikuwa hili: "Kama simu italala mbali, mtoto naye atalala Sigor." Halafu ukakata. Na mama yako amenitumia ujumbe kwamba mwezi ukiisha anatoka huko Sigor kuja kumchukua mjukuu wake, akae naye hadi urudi. Baba Chelangat, mtoto bado ananyonya.

Wacha nikukumbushe vile simu iliingia kitandani mwetu.

Siku Chelangat alipopewa jina la ukoo, ulikuwa tayari umesafiri. Mama yako na wamama wengine walimzunguka, wakawaita wazee wenu waliotangulia mmoja mmoja, wakingoja apige chafya kwa yule aliyemchagua. Ulikuwa umeniomba nisikuache nje ya jambo hilo. Nikaiweka simu juu ya kifua cha mtoto, spika wazi. Likaitwa jina, kimya. Likaitwa lingine, kimya. Mama alipomtaja nyanya yako Tabutany, mtoto akapiga chafya mpaka simu ikaanguka kwenye blanketi, na sote tukakusikia ukipiga kelele kutoka huko mbali: "Nimesikia! Mama, nimesikia! Ni nyanya!" Halafu ukalia, na wamama wakashindwa kuendelea na nyimbo.

Kuanzia siku hiyo, simu ikawa ndiyo wewe.

Unajua nyumba yetu iko bondeni. Mtandao hauingii popote ila pale dirishani, juu ya kitanda. Kwa hivyo hapo ndipo ulipolala wewe, kwenye mto wa mtoto. Ukiingia lindo getini unapiga, naiweka karibu na pua yake, inabaki wazi hadi kuche. Ulisema ukisikia pumzi zake husinzii. Na mimi, sitakuficha, nilikuwa nafurahi. Nilikusikia ukikohoa, ukisalimia madereva kwa Kiarabu chako cha kuokoteza, nikaona ni kama uko chumba cha pili.

Mchana nilikuwa naiweka kwenye sidiria nikichuma majani, kama wanawake wote wa hapa. Mikono iko kazini, na mfuko wa aproni huingia umande. Unamkumbuka Kwamboka, jirani wetu Mkisii? Simu ikipata moto nikijipapasa kifuani, yeye hupaza sauti kutoka mstari wake: "Mama Chelangat, mtoe huyo bwana hapo kabla hajaiva!" Nami namjibu, "Wako ako nyumbani kila siku na bado ni mbichi!" Tunacheka mpaka vikapu vinatikisika mgongoni.

Kicheko kiliisha kliniki. Nilimpeleka mtoto kupimwa uzito, na nesi alipofungua shuka akaikuta simu imefungwa pamoja naye, ubavuni. Nilikuwa nangoja unipigie.

"Mama, na hii nayo tuipime?"

Wamama kwenye benchi wakaangua kicheko. Nikatamani ardhi inifiche. Lakini baadaye aliniita kando, na nikamuuliza wazi kama itampa mtoto ugonjwa.

"Nisikudanganye," akasema. "Wanaochunguza mionzi ya simu hawajathibitisha kwamba inadhuru hivyo, na bado wanachunguza. Lakini huyu ni mdogo, na ataishi na simu maisha yake yote. Kwani unapoteza nini ukiisogeza?"

Akanieleza kwamba mionzi hupungua sana simu ikikaa mbali na mwili, hata urefu wa mkono tu. Kwamba mtandao ukiwa hafifu, simu hujikaza kuutafuta mnara, na hapo ndipo hutoa mionzi zaidi. Nikaliona dirisha letu pale pale mbele yangu. Ile alama moja ya mtandao, inakuja, inapotea, na chini yake kichwa cha mtoto wako.

Wiki hiyo hiyo nikaamka na kupata simu imeteleza chini ya blanketi ikiwa kwenye chaja, na shavu la Chelangat ni jekundu. Lile lilikuwa joto tu, si mionzi, hiyo tofauti naijua. Lakini niliitoa hapo, na sijairudisha tangu siku hiyo.

Nilikwambia. Ujumbe wangu uko hapo kwako, usome tena. Nilikueleza yote aliyosema nesi, na ukanijibu maneno matatu tu: "Nani amekufundisha hayo?"

Nani. Hukuuliza shavu liko aje. Uliuliza nani.

Halafu ukamtuma mama. Alifika alfajiri kwa bodaboda, bila kubisha, na leso yake ya kanisani kichwani kana kwamba anakwenda kwenye kesi. Nilikuwa nimesimama na mtoto mkononi, chai iko jikoni, nikamwangalia mama mkwe wangu akipiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda changu.

"Simu ya mtoto wangu inazimwa kwa nini?"

"Inalala kwenye rafu ya jikoni, mama. Ndiyo ile."

"Na hivi viatu ni vya nani?"

Vilikuwa gamubuti zako. Zile ulizoacha, moja imepasuka kisigino. Alizitambua, akazigeuza geuza, akazirudisha polepole. Hakuniomba msamaha na mimi sikumdai. Alikunywa chai yake akamaliza. Lakini alipoondoka alisema, "Yeye ndiye mwenye mtoto. Akisema nimchukue, nitamchukua."

Kwa hivyo sasa neno liko kwako, si kwa mama.

Najua uko peke yako. Najua hicho kibanda cha getini, umenionyesha kwenye picha, kiti kimoja na feni. Ninapozima simu najua ninakunyima kitu, na mara nyingi nalala nikiwa nimegeukia ukuta kwa sababu hiyo. Mimi pia nimechoka. Nachuma, nanyonyesha, nakamua, nachota maji, na jioni hakuna wa kunipokea mtoto. Sauti yako ilikuwa inanisaidia kubeba. Usidhani niliitoa kitandani kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Lakini simu haitarudi kwenye mto wa Chelangat. Hilo nimelisema mara ya mwisho. Ukiniita mkaidi, sawa. Ukimtuma mama, atanikuta nimekaa mlangoni na mtoto ako kwenye titi, na atalazimika kutuchukua wote wawili.

Hebu sikiliza nilivyopanga. Pale kituo cha majani, kwenye mlima, mtandao umejaa. Jioni tukingoja lori la kiwanda, naketi kwenye ile benchi ya mizani. Nipigie hapo kabla hujaingia lindo. Simu itakaa juu ya benchi, spika wazi, mtoto atakuwa mapajani mwangu, atakusikia na wewe utamsikia akipiga makelele yake. Kwamboka pia atakusikia, ujiandae kwa matusi. Mambo yetu sisi wawili tutaongea mimi nikiwa na waya masikioni. Giza likiingia nabonyeza ile alama ya ndege inayokata mtandao, na simu inaenda jikoni. Si wewe unayezimwa.

Unaikumbuka benchi hiyo? Ndipo ulipokuwa ukiningoja kabla hatujaoana. Ulikuwa na zile waya nyeusi za masikio. Unaweka upande mmoja kwako, mwingine kwangu, na kwa vile waya ni fupi ilibidi tusogee mpaka mabega yagusane. Dada yangu akatuuliza tunasikiliza nini, nawe ukamwambia, "Mahubiri." Na betri ilikuwa imeisha kitambo. Sote wawili tulijua, na hakuna aliyetoa waya sikioni.

Mtu aliyekuwa akikaa hivyo na mimi, bila sauti yoyote, akaridhika, ndiye ninayemwandikia. Huyo mwingine anayeuliza "nani" simjui.

Wesley anasema kuna mwenzenu mwingine atakayekuja huku Kericho hivi karibuni. Mpe aniletee vitu hivi ninavyohitaji bado.

Saa ya mezani yenye kengele, ndogo, ili nisiseme tena nahitaji simu karibu ya kuniamsha.

Zile waya nyeusi za masikio, kama bado unazo. Hata kama upande mmoja umekufa.

Sauti yako iliyorekodiwa kwenye kadi ndogo ya simu, ukimwambia Chelangat hadithi ya nyanya yako Tabutany, ile ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Ikishaingia kwenye simu, nitaweza kuicheza simu ikiwa imezimwa mtandao, kutoka kule kwenye rafu, na atalala ukiongea.

Shati lako moja ulilovaa lindo. Usilifue. Nataka nililaze pale kwenye mto ambapo simu ilikuwa, ndio akigeuka apate harufu ya baba yake.

Na simu moja kwa mama, kabla mwezi haujaisha. Mwambie asije na begi.

Ni mimi mkeo,
Mama Chelangat