Rehani Sharifu na Masikio Mia Moja na Ishirini na Nane

Leo, tarehe 19 Julai 1999, umetimia mwaka, mdogo wetu Rehani, tangu upasuliwe kichwa kwa mpini wa jembe kwenye mkutano wa kijiji, hapa Sindeni. Wenzetu huandika gazetini "ulipotutoka". Wewe hukututoka. Uliuawa, na Mama hataki neno jingine.

Amesema niandike mimi, kaka yako Mbaruku. Amenikalia hapa na kanga yake mabegani, anasubiri nifike anapopataka.

Ulikuwa mpole hadi ukaudhi. Ukirudi likizo ulikuwa unatuamkia sote, hata mbuzi ungemwamkia kama angeitikia. Mama alipokuuliza, "Huko chuo kikuu unasomea udaktari?" ulimjibu, "Hapana Mama, nasomea hesabu za magonjwa. Nikijua kupe ni wangapi, kompyuta itaniambia ng'ombe wangapi watakufa na ndigana." Mama akasema hesabu gani hiyo ya kupigia ramli mifugo. Ulicheka ukashika mbavu.

Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka tangu serikali iache kuleta dawa, na kupe walikuwa wamejaa. Likizo nzima ulizunguka Sindeni na Kang'ata kwa baiskeli, ukipekua masikio ya ng'ombe. Watoto wakakubandika jina la Bwana Kupe. Ulilipenda jina hilo kuliko la baba.

Wafugaji hawapendi ng'ombe wao wahesabiwe. Idadi ikitamkwa, wanasema, kundi linaingiwa na mkosi. Wewe hukubishana. Ulikwenda kwa Leboo, mmoja wao, ukamwambia, "Shikamoo mzee. Ng'ombe sitawahesabu. Nitahesabu masikio, maana kupe wanakaa humo." Leboo akacheka, akakupa maziwa. "Masikio hesabu," alisema. "Ng'ombe niachie mwenyewe." Ukaandika daftarini: Leboo, 128. Juu ya safu ukaandika maneno kwa Kiingereza, na Kiingereza changu mimi kiliishia darasa la saba.

Jumapili ile ulikuwa umekwenda Korogwe, kwa dada Maryamu, pale Masuguru. Kijijini palikuwa na mkutano. Ng'ombe wa Leboo walikuwa wamelala ndani ya mahindi yetu, shamba zima likakanyagika. Leboo alikiri kosa, akaahidi kutoa mitamba wawili, mmoja akamfunga mtini palepale. Yalikuwa yamekwisha, Rehani. Watu walikuwa wanainuka kujipangusa vumbi.

Ni mimi niliyeyafufua. Hasira ya mahindi ilikuwa haijanitoka, na daftari lako uliloliacha nyumbani nilikuwa nalo. Nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Leboo, mia moja na ishirini na nane!" Alipoomba kunywesha mifugo kwenye lambo letu alisema ana kundi dogo. Watu wakapiga kelele, "Mwongo! Ametuongopea!" Leboo akapauka uso, kwa kuwa nambari ilitamkwa mbele ya kadamnasi; alilojaribu kusema lilimezwa na kelele.

Jiwe la kwanza sijui lilitoka wapi. La pili lilimvunja meno kijana wa wafugaji. Rungu likamshukia jirani yetu begani, mfupa ukalia, nikausikia. Mapanga yakatoka. Watu wetu walimkatakata mtamba aliyekuwa amefungwa pale mtini, yule wa fidia, akalia huku matumbo yanaburuta chini. Rafiki yangu, mtu wa swala tano, nilimwona anamkanyaga mzee tumboni. Nami nilikuwa nimeshika mpini wa jembe la Mama, namtafuta Leboo.

Ndipo ukafika. Uliitupa baiskeli, ukapita katikati ya mapanga mikono mitupu, ukasimama mbele ya Leboo ukanigeukia. "Ni masikio, kaka! Hayo ni masikio!"

Nilikusikia. Mpini ulikuwa umeshashuka.

Leboo ndiye aliyekuokota. Alikubeba kifuani, damu yako ikamlowesha shuka lote, akakimbia nawe kuelekea barabarani. Polisi walipofika walikuta maiti mikononi mwake na damu mwili mzima. Wakaniuliza, "Ni huyu?" Nikainamisha kichwa. Wakasema nimeitikia, nami sikuwasahihisha. Mwaka mzima Leboo yumo mahabusu kwa kosa la kukubeba, na mimi nimepokea rambirambi, nimechimba kaburi lako, nimekula pilau la arobaini yako. Naona aibu, Rehani. Hata dua yako naisoma kwa kuibia.

Mwezi uliopita mwalimu wako wa chuo alituletea karatasi zako. Maneno yale ya juu ya safu aliyasoma kwa Kiswahili mbele ya Mama: "Idadi ya masikio yaliyopekuliwa." Ng'ombe walikuwa sitini na wanne tu. Mama hakulia. Alikwenda kuutoa mpini nyuma ya ghala, nilikouficha, akauweka miguuni pangu, akasema, "Sasa nieleze."

Nimemweleza. Gazeti hili likisomwa, nitakuwa nimeshajipeleka kituo cha polisi Handeni na mpini wenyewe mkononi, ili Leboo arudi kwake.

Unakumbukwa na mama yako, Bi Tatu; dada yako Maryamu wa Masuguru, Korogwe; na Nanyori, mke wa Leboo, ambaye Mama amemfuata kwa miguu kumwomba radhi na kumwomba jina lake liwemo humu. Mwisho kabisa, kwa amri ya Mama, kaka yako Mbaruku.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, Bwana Kupe. Yalikuwa masikio.