Kataeni Kazi, Turudishieni Mbao

Jumamosi, Kismayo. Joto tangu asubuhi, na bati la paa linalia kana kwamba lina jambo la kusema. Mimi pia ninalo.

Jukwaa letu limezimwa. Ni tovuti ndogo ya Wabajuni waliotawanyika huku, Mombasa na Ulaya. Mwenye nayo ni Mjomba Kassimu wa Mombasa, mtoto wa bibi yangu. Wiki iliyopita kampuni ya nje inayoihifadhi kwenye mitambo yake iliandika kwamba haitatuhudumia tena, kwa sababu ya maneno ya uchochezi.

Humo mna sauti arubaini nilizomrekodi bibi, akisimulia maisha ya kisiwa cha Chovae kabla hawajakimbia vita. Sina nakala. Simu niliyorekodia iliingia maji ya bahari.

Mjomba alituma ujumbe wa sauti. "Wametuziba midomo, mwanangu. Ndio uhuru wa kusema wanaotuhubiria huo?"

Nilitaka kumwitikia. Lakini naujua ujumbe uliotuponza.

Mchangiaji mmoja aliandika kwamba waliohamia kwenye nyumba zetu visiwani wachomwe ndani ya mashua zao. Mimi ni msimamizi wa jukwaa. Niliuona. Niliuacha siku nyingi, nikijiambia kwamba nalinda uhuru. Ukweli ni kwamba hata nyumba ya bibi inakaliwa na wengine, na maneno yale yalinipendeza.

Naona haya. Basi, nimeliandika hapa.

Bibi alinisikiliza huku akisuka mkeka. "Wewe na simu zako. Ungenisikiliza kwa masikio, tusingekuwa hapa." Kisha akanieleza habari ya babu, aliyekuwa fundi wa mashua. Mtu mmoja alimletea mbao amuundie chombo. Babu akapata habari kwamba mtu huyo anakitaka ili akaibe nyavu za watu wa kisiwa cha Koyama.

"Babuyo akamwambia, mkono wangu hauingii humo, tafuta fundi mwingine."

"Na mbao?"

"Akamrudishia zote, hata vipande alivyokwisha kata. Mbao ni za mchu aliyezileta. Fundi akibakisha kimoja, nani atampa kazi tena?"

Hapo nikajua la kuwaandikia. Kampuni si serikali. Haikutukataza kusema, imekataa kutuundia chombo, na mkono ni wao. Lakini sauti za bibi ni mbao zetu. Kinachonisumbua ni hiki: je, mafundi wakiwa wawili tu pwani nzima, na wote wakakataa? Hilo bado nalifikiria.

Niliwaandikia kwa Kiingereza cha shuleni, bila kulia wala kutukana. Leo wamejibu: tuna siku saba za kuchukua vyetu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepakua sauti zote arubaini.

Mjomba amepata kampuni nyingine, na anataka hata ule ujumbe wa kuchoma watu urudishwe huko. Nikampigia.

"Mjomba, kwa heshima yako, mwenye maneno yale na atafute fundi wake. Mimi siyaundii chombo."

Akacheka. "Nani kamfufua baba yangu?"

Sijui kama ilikuwa sifa. Nimeipokea hivyo.

Kesho, kabla sijaweka sauti hata moja, nitaandika kanuni ya kwanza ya jukwaa jipya: hapa hatutishii roho ya mtu. Chini yake nitaweka jina langu.