Kamba Uliyoiacha Kisimani

Kaka Yohana,

Shikamoo. Marahaba yako naikosa sana.

Tangu homa ikuchukue, Wadachi wamefikisha reli Dodoma. Nilikwenda kulitazama gari la moshi, nikainama nikitafuta kamba. Hakuna! Nikacheka peke yangu, kisha nikalia. Watu wakadhani moshi umeniingia machoni.

Unakumbuka padri alivyotusimulia magari ya milimani kwao? Magari mawili, kamba moja. Hili likishuka, lile linapanda. Akasema jina la magari hayo limetoka kwenye Kilatini cha kanisani, neno la kamba ndogo. Nawe, msuka kamba, ukadakia: “Inavuta watu mlimani halafu iitwe ndogo? Basi na mimi niiteni mtoto mchanga!” Padri akacheka mpaka akashika ndevu.

Kesho yake ukalaza gogo juu ya kisima chetu hapa Msalato, ukasuka kamba ya gome la mbuyu, ukafunga kibuyu kila ncha.

Kamba ile imelika, kaka. Katikati zimebaki nyuzi chache. Majirani wanataka tuitupe, tuweke mpya. Mama hataki kusikia. “Mikono ya mwanangu imo humo.” Anateka mwenyewe, asije mtu akaivuta vibaya, na akivuta huiegemea kwa uzito wake wote pale ukingoni. Ikikatika, anatumbukia. Nimepiga magoti, nimesali. Kukuzika wewe, kisha yeye... hapana.

Jumapili tukitoka ibadani nikakumbuka: wewe kamba kuukuu hukuitupa. Uliifumua palipolika, ukaingiza nyuzi mpya, ukasuka tena. Nikaketi kisimani na gome lililopondwa, nikaanza kufumua. Mama akanitazama weee, halafu akakaa, akanyoosha miguu, akaanza kusokota nyuzi pajani, kama alivyokufundisha ulipokuwa mdogo. Machozi yakamdondokea mikononi. Akasema tu, “Kaza, wewe! Kaka yako hakusuka legelege.”

Tumeteka maji. Kibuyu kitupu kikashuka, kilichojaa kikapanda. Mama akawa wa kwanza kunywa.

Lala mikononi mwa Bwana, kaka yangu. Kila zitakapolika nyuzi zako nitaingiza zangu, na mama hatavuta peke yake tena.

Mdogo wako,
Marta