Ng'ombe wa Dundori Niliyekataa Kumnusa

Daktari,

Nimeshika hii kalamu tangu nifunge duka, na kila nikianza naona aibu. Mimi na wewe hatukuwa watu wa kuandikiana barua. Ulikuwa unaingia agrovet yangu, unachukua dawa za ng'ombe wa watu, unanitania kuhusu tumbo langu, unaenda zako. Sasa umelala kaburini Rongai, na mimi nimebaki na maneno ambayo hakuna mwingine wa kuyapokea.

Habari za huku kwanza. Jumamosi iliyopita tulirudi kwa Bwana Singh kuonja wiski. Tangu ule uchaguzi na vita vyake hatukuwa tumeonja kitu pamoja. Januari kila mtu alijifungia na watu wake, na hata mambo yalipotulia ilichukua muda kabla ya watu kutazamana usoni. Lakini veranda ni ile ile. Chupa zilikuwa zimefungwa gazeti kama kawaida, mtu asisome jina, na kulikuwa na vile viglasi vidogo, jagi la maji, na chapati ya kusafisha mdomo. Karanga bado amezipiga marufuku, eti chumvi inaua single malt. Halafu akasema lazima mtu akae kwa kiti cha Pua, cha yule anayenusa na kutaja wiski, na akaninyooshea mimi kidole. Daktari, nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Kile kiti kilikuwa chako. Kabla uje, sisi tulikuwa tunajua wiski mbili tu, kali na kali zaidi. Wewe ndiye ulituonyesha kwamba wiski ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, ina kwao kama vile mtu ana kwao. Ile ya kisiwani yenye moshi ulisema ni kibuyu cha maziwa ya mursik cha nyanya yako, kikishasuguliwa mkaa. Ile nyeusi nyeusi iliyolala kwa pipa la divai, ukasema ni duka la viungo la babake Singh saa nane mchana. Na kuna moja nyepesi, rangi ya majani makavu, uliinusa ukacheka peke yako. Ukasema hii ni pumzi ya ng'ombe wa Dundori aliyezaa juzi na hataki kula. Tulidhani ni mzaha. Ukatueleza kwamba ng'ombe akishikwa na ule ugonjwa wa kuishiwa sukari mwilini baada ya kuzaa, mdomo wake unatoa harufu tamu, kama ile dawa ya wanawake ya kutoa rangi ya kucha, na kwamba wewe huna haja ya kipimo. Unainama, unanusa, unajua.

Nilikuonea wivu, wacha niseme. Mimi ndiye nilikuleta kwa Singh, na ukafika ukawa mwalimu wangu. Kila mwisho wa mwezi mimi nakosea, wewe unapata, na Singh anakupigia makofi.

Halafu mwaka jana ukaanza kukosea. Ya moshi ukaiita ya asali. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Sikujiuliza hata siku moja mtu anapotezaje kitu kama hicho. Nikaenda nikanunua kwota, chupa ndogo, ya ile brandi ya bei ya chini, ile inalaza watu mtaroni, nikaimimina kwa chupa tupu ya single malt na kuifunga gazeti vizuri. Uliizungusha kwa glasi ukaitazama rangi. Sasa najua ulikuwa unaitazama tu, maana macho ndiyo ulikuwa umebaki nayo. Ukasema pole pole, zabibu, tende, pipa la divai, hii imekaa miaka mingi. Nikaitoa gazeti. Watu walicheka wakashika mbavu, na wewe pia ukacheka, lakini ukaiweka ile glasi chini kama imekuwa nzito.

Ningeachia hapo, ningekuwa mtu. Lakini kesho yake niliisimulia pale kaunta, na kila mkulima aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe alipata hiyo hadithi bure. Wakakupa jina, Daktari wa Brandi. Hilo jina lilipanda mpaka Dundori kabla yako.

Na sasa nafika kwa Mama Nyambura. Unakumbuka. Nilikuwa nimepeleka dairy meal, chakula cha ng'ombe wa maziwa, huko juu, ukanipa lifti ya kurudi, ukasema utapitia kwake dakika moja kuona ng'ombe aliyezaa. Nilibaki karibu na gari kwa sababu ya viatu vyangu vipya. Ulikaa zizini, ukampima joto, ukamshika masikio, ukasimama tu. Halafu ukaniita. Mama Nyambura alikuwa hapo, na vijana wake, na jirani mmoja ameegemea ua. Ukaniambia, "Kariuki, njoo unuse mdomo wa huyu ng'ombe. Uniambie tu kama iko ama haiko."

Aki, Daktari. Nilijua ni kisasi. Nilijua umenitegea, kwamba nitainama kwa ile samadi, na mate ya ng'ombe usoni, halafu wewe na hao watu mnicheke mpaka jioni. Nikakuambia huniwezi, mimi ni mjanja wa mjini. Nikacheka, na wao wakacheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama kidogo, ukarudi kwa ng'ombe, ukamdunga sindano ya homa ya maziwa. Njiani tukiteremka uliniuliza kama kule nyuma kulikuwa kunanuka samadi. Nikasema bado unaendelea na mchezo? Ukakaza macho barabarani mpaka Nakuru.

Haikuwa homa ya maziwa, ilikuwa ule ugonjwa wa harufu tamu. Wiki haikuisha kabla ng'ombe kufa. Mama Nyambura akasema daktari alikuja amelewa, na nani angebisha, si hadithi ilikuwa imetoka dukani kwangu? Wakaacha kukuita. Nilikuwa nakuona mjini asubuhi, gari limeegeshwa, unasoma gazeti, nami napitia ng'ambo ya barabara. Januari ulinipigia simu kuuliza kama sisi tuko salama, wewe mwenyewe ukiwa na hayo yote kichwani. Nilijibu kwa ufupi. Sikukuuliza wewe uko aje.

Mkeo, Mama Kibet, ndiye aliniambia siku ya mazishi yako. Tulikuwa tumesimama nyuma ya hema, na alikuwa anaongea kama mtu aliyechoka kulia. Alisema maziwa yalikuwa yakiungua jikoni wewe umekaa hapo hapo. Alisema hospitali walikuta uvimbe nyuma ya pua, chini ya ubongo, wa aina inayomaliza harufu kwanza. Alisema ulikuwa umeogopa kumwambia mtu, maana daktari wa ng'ombe bila pua ataitwa na nani? Halafu akaniuliza kama wewe ulikuwa umejaribu kuniambia. Nikasema hapana. Nilimdanganya mjane mbele ya kaburi la mumewe.

Niliuliza daktari mmoja wa hospitali kama ungepona ukipelekwa mapema. Alisema labda. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amehamia kwangu na godoro lake, na jina lake ni Labda.

Nilipotoka kwa Singh Jumamosi, sikurudi nyumbani. Nilipanda Dundori. Mama Nyambura alikuwa anamenya viazi, akanikaribisha, na nikamwambia yote. Brandi, hadithi ya kaunta, uvimbe, na kwamba hukuwa umelewa hata kidogo ile siku. Akakiweka kisu kando ya viazi. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akaniita tu kwa jina la mtoto wangu, "Baba Wairimu, si ungeinama."

Amenunua ng'ombe mwingine. Huyo ng'ombe naye amezaa majuzi na anasusia chakula. Hakuniambia nifanye chochote. Nilienda zizini na viatu ni vile vile, nikapiga magoti, nikamshika huyo ng'ombe taya kama nilivyokuona ukifanya, nikaweka pua yangu pale. Nilikaa hapo nikilia na ng'ombe akinipumulia usoni. Kisha nikampigia yule daktari mpya wa Njoro, nikamwambia aje na dawa gani.

Mama Kibet nitamwendea kesho nimwambie ukweli, akinifukuza nitaenda tena. Pale kaunta nimeanza kuisimulia upya, na naanza na jina langu. Kiti cha Pua nimemwomba Singh akiache wazi, glasi yako ikae juu yake. Na mtu yeyote akiniita tena, hata kama najua ni mchezo, nitainama kwanza.

Lala salama, rafiki yangu. Nisamehe ukiweza.

Na lile swali lako, sikuwahi kulijibu. Ile harufu ni tamu, kama ile wiski ya rangi ya majani makavu, kama ulivyosema. Iko, Daktari. Iko.

Kariuki