Mkono Uliozoea Kuziba Mdomo

Yeyo,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo nikangoja, kana kwamba utaitikia. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike kule Nduruma, na bado nafanya mambo ya ajabu.

Sijatulia, mama yangu. Nimeketi, nimesimama, nimechungulia dirishani, nimerudi kwenye kiti. Ni Naserian, mjukuu wako. Jumamosi nilimkuta uani hapa Lemara anasugua meno kwa stiliwaya, ile ile ninayosugulia masufuria. Mate aliyotema yalikuwa mekundu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka mbio akidhani tumeona nyoka.

Naserian yuko kidato cha pili. Mwaka huu kaja mwanafunzi mgeni kutoka Dar, meno meupe pee, akamuuliza mbele ya darasa zima kama kwao hakuna mswaki. Tangu siku hiyo wanamwita Kutu. Na nusu ya hao wanaomwita hivyo wana meno ya kahawia kama yeye! Alianza na mkaa wa kusaga, akaja kwenye ndimu na chumvi, mambo anayoyaona kwenye simu za wenzake. Meno yakabaki vile vile. Akaona labda hajasugua vya kutosha.

Nikampeleka kwa daktari wa meno, nimejishika shavu utadhani ni mimi ninayekwenda kung'olewa. Daktari, dada mmoja mpole, alisema rangi ile si uchafu na haisuguliki. Ni madini ya maji tuliyokunywa utotoni, wakati jino bado linajijenga ndani ya ufizi. Akauliza kama nyumbani tulikuwa tunapikia magadi, maana nayo yana madini hayo hayo. Nilitamani kucheka. Wewe, uliyesema makande bila magadi ni adhabu!

Kisha akanionyesha fizi zilizochanika, na jino la nyuma lililotoboka. Binti alikuwa anahangaika na ya mbele yanayoonekana, ya nyuma kayaachia pipi. Sasa ni mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, mpaka kule nyuma. Jino limezibwa. Fizi zikipona, alisema daktari, zipo njia za kupunguza ile rangi, tutazungumza.

Usidhani nakulaumu, Yeyo. Nilikuachia mtoto hajaota jino hata moja ili niuze mitumba Kaloleni, ukamlea mpaka akaanza shule, mashavu yamejaa. Ulimpa maji uliyokuwa nayo, yale yale niliyokulia mimi.

Lakini kuna jambo haliniachi. Ulivyokuwa unacheka! Mabega yanatikisika, machozi yanakutoka, na pindo la kanga liko mdomoni. Hata tukiwa wawili tu jikoni. Siku zile za mwisho, huna nguvu hata ya kushika kikombe, uliniambia, "Wakija kuniaga, mdomo wangu uwe umefungwa." Nikafanya ulivyotaka. Nilikufunga kidevu kwa kitambaa mimi mwenyewe, sikumruhusu mtu. Watu wakapita wakisema umependeza, na mimi nimesimama pale nimejaa hasira, sijui hasira ya nini. Sasa najua. Uliona aibu mpaka kwenye jeneza kwa kitu ambacho hukukosea.

Jana jioni fizi zilikuwa zimeanza kupoa. Tulikuwa tunamenya ndizi, Naserian akanisimulia jinsi mbuzi alivyoingia darasani, na mwalimu wa hesabu, akiwa amegeukia ubao, akasema, "Kaa chini, umechelewa." Nilicheka, Mama, sijacheka vile tangu uondoke. Na yeye akacheka. Halafu nikaona mkono wake unapanda mdomoni.

Nikataka kumkaripia. Ndipo nikahisi utomvu wa ndizi kwenye midomo yangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika zamani.

Kumbe si yule mtoto wa Dar aliyemfundisha.

Nikaushusha. Ulikuwa mzito, we acha tu. Nikaendelea kucheka ingawa kichekesho kilikuwa kimekwisha, mdomo wazi, meno yangu yote nje. Naserian akayatazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mama, kumbe tunafanana."

Pumzika, Yeyo. Leo asubuhi mkono umepanda tena wakati nazungumza na mteja, na kesho huenda ukapanda. Nitaushusha. Nimechukua kwako sauti, nimechukua ukaidi, na hivyo viwili nitamwachia Naserian. Huu mkono hapana, simwachii.

Mwanao.