Mkeka Wako, Mama, na Kikao Ulichokiacha

Mwaka umekatika, Mama, tangu ulipotutoka ghafla asubuhi ile ukijiandaa kwenda kazini. Viatu vyako viko palepale mlangoni. Baba hataki viguswe, nasi tumechoka kubishana naye.

Mtaani walikuita Mama Mkeka, kwa sababu hukukalia kiti mbele ya mtoto. Ulikuwa ukiingia nyumba ya watu, unatandika mkeka wako, unamwaga midoli, unasubiri mtoto aje mwenyewe. Aliyechelewa kutembea, asiyesema, asiyegeuka akiitwa, wote ulicheza nao kwanza ndipo ukaangalia wanahitaji msaada gani. Baba, mlinzi mstaafu, hakuacha kukutania: "Mke wangu ana bahati, analipwa acheze!" Nawe hukumkopesha: "Na wewe ulilipwa usinzie getini."

Hata jikoni ulikuwa kazini. Mjukuu akikupa mgongo tu, unagonga kijiko kwenye kikombe uone kama atageuka. "Jamani Mama, huyu anasikia hata karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili!" Ulicheka, ukagonga tena. "Acha nihakikishe. Ukiwahi, mtoto anapata njia. Ukichelewa, unabaki kuukimbiza muda."

Kilichokukera kuliko yote ni mzazi kuzungushwa. Leo daktari wa masikio, kesho mtaalamu wa mazoezi ya viungo, keshokutwa mwalimu wa chekechea, na kila mlango aanze upya kueleza mimba ilikuwaje na mtoto alikaa lini. "Mama wa watu asimulie mara moja," ulisema, ukawabembeleza wote mpaka wakakaa chumba kimoja, siku moja, mzazi akiwa katikati yao.

Ndiyo maana inatuuma tukimfikiria binti wa fundi cherehani, yule mdogo ambaye kijiko chako hakikumgeuza hata ulipogonga kwa nguvu. Kikao chake ulikipanga kifanyike wiki ileile tuliyokuzika. Sisi tulikuwa msibani, ofisini kwako hakuna aliyejua ulipoishia, kila mtaalamu akampangia mama yake, yule fundi, siku tofauti. Alizungushwa weee, mwisho akachoka, akabaki na mtoto wake nyumbani.

Baba alikuja kujua miezi mingi baadaye, alipompelekea fundi suruali aipunguze kiuno, maana amekonda, Mama. Akamwona mtoto anacheza na vitambaa chini ya meza, akauliza habari za kikao.

Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. "Kikao gani, mzee wangu? Nimesimulia mpaka mdomo umenikauka. Aliyekuwa akinisikiliza mmemzika."

Siku hiyo Baba hakula. Alikaa tu, akasema, "Alikuwa akinieleza habari za watoto hawa kila jioni, mimi nasinzia." Kesho yake, yeye asiyependa hata kupokea simu, alianza kuwasumbua wenzako mmoja mmoja. Wengine walimkatia. Akapiga tena. "Nimekaa getini maisha yangu yote," alituambia, "kusubiri nakujua."

Daktari wa masikio ndiye aliyetangulia kumpima mtoto. Alisema wazi kuwa atasaidika, kwani vifaa vya kumsaidia kusikia vipo, ila miezi iliyopotea ilikuwa ya kujifunzia maneno, na si yote itakayofidika. Hukupenda kufichwa kitu, kwa hiyo tunakwambia: tulichelewa, na tunajuta.

Kisha wakaja wote, sebuleni kwetu. Viatu vyao vilipangana mlangoni pembeni mwa vyako. Baba alitandika mkeka wako kwa mara ya kwanza tangu uondoke, na daktari mwenyewe, magoti yakimlalamikia, akakaa chini. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akampakata binti yake.

"Mpo wote?" akauliza. "Haya. Naanza, na sirudii."

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi hasinzii mtu akizungumza, wanao na wakwe zako, dada zako, wajukuu, akiwemo yule wa peremende, na fundi cherehani pamoja na bintiye. Juzi, vifaa vikiwa masikioni mwake, Baba aligonga kijiko kwenye kikombe nyuma yake, akageuka.

Hatutakusahau kamwe, Mama.