Crescendo Si Kilele

S.L.P. 41,
Msambweni.
9 Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa Mramba,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya huko Leeds haijakuingia kifuani. Mimi ni mzima, ila magoti. Mvua bado, na mihogo aliyoipanda marehemu mama yako imenyauka.

Dada yako Kavumbi aliisoma rambirambi yako kaburini. Uliandika kwa Kiingereza kwamba ugonjwa wa mama "ulifikia crescendo" ndipo akatutoka. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi, niliyekufundisha kwaya miaka minne, nilitazama chini.

Neno hilo ni la Kiitaliano, la wanamuziki. Waingereza wengi hulitumia kwa maana ya kilele, nawe umewafuata. Maana yake hasa ni kukua: sauti inaanza chini, inaongezeka kidogo kidogo. Unakumbuka nilivyoichora alama yake ubaoni, mistari miwili inayoachana kama mdomo wa mamba? Nikiwakanya ninyi wa besi: "Msinirukie mwishoni. Anayengoja kelele hajaimba."

Mama yako alikuwa na crescendo kweli, ila si hiyo uliyoiandika. Aprili alisema kidole cha mguu kimekufa ganzi. Juni kandambili ilimvuka njiani asijue. Agosti alikwenda kanisani akimwegemea Kavumbi. Oktoba mguu ukakatwa kwa ile sukari. Kila hatua nilikuandikia kwenye simu, nawe ukanijibu kwa picha ya dole gumba. Ulichokisikia wewe ni siku ya mwisho tu.

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo, unajua. Baba yako Shutu aliutupa kwa niaba yako.

Sikuandikii ili nikusute tu. Wiki iliyopita baba yako alimwita Kavumbi kwa jina la mama yako, Kadzo. Tukacheka. Jana alimwita hivyo mara mbili, kisha akauliza mbona chakula cha Kadzo hakijapakuliwa. Hatukucheka.

Sauti bado iko chini, Mramba. Njoo baba yako angali analijua jina lako. Na usinijibu kwa picha.

Kavumbi anakusalimu. Shangazi yako Mbodze hakutuma salamu, nami sikumlazimisha.

Mungu akulinde, akupe na sikio.

Mjomba wako akupendaye hata kwa hasira hii,
Chengo